Halbadiri ya Taa za Ummi

Taa ya kwanza ilipoanguka nilikuwa nimesimama mahali pabaya. Sikuwa chini yake, alhamdulillahi, lakini nilikuwa pembeni ya mtungi, uma wa kutolea makonyo mkononi, peke yangu, wenzangu wote wamekwenda kula. Tyubu ilishuka kutoka juu ikapasukia kwenye saruji, na unga wake mweupe ukatapakaa mpaka miguuni kwangu. Waliporudi wakanikuta mimi na vigae. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Walitazama juu, kisha wakanitazama mimi, na tangu hapo wakawa hawaachi kunitazama.

Nieleze mambo yalivyokuwa, maana watu wa Vitongoji wameshayasimulia haya wanavyopenda wao, na kila mmoja anatia chumvi ya kwake.

Mimi ni Hafidh, mpika mafuta katika kiwanda cha Bi Mwatum. Tunapika makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Unayajaza kwenye mtungi mkubwa wa chuma, unapitisha mvuke, mvuke unabeba mafuta, unapita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na mwisho wa bomba unakinga mafuta ya karafuu. Ni kazi ya joto na ya kungoja. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la mbata, refu kwenda juu, paa liko mbali hata popo wakigombana huwasikii vizuri. Huko juu kulikuwa na balbu kubwa za mviringo, za kizamani, zile ukiziwasha unaweza kwenda kujisaidia ukarudi bado zinajifikiria. Nusu ya mwanga wake ilikuwa ya popo. Sisi wa chini tulifanya kazi kwa mazoea, na mimi sikuwa na malalamiko. Nyuma ya mtungi palikuwa na giza zuri la mtu kuegemea gunia na kufumba macho wakati mvuke unafanya kazi yake.

Kisha akaja Ummi.

Ummi ni mtoto wa ami yangu Nyange. Alisomea umeme Unguja, akarudi akafungua karakana Chake Chake, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake wa bati. Bi Mwatum alikuwa amenunua maboksi ya tyubu pamoja na choki zake za kuwashia kutoka hoteli moja iliyofungwa, akamwita Ummi amtengenezee taa za kumulika jengo zima bila kumfilisi kwa umeme. Mimi nikasema mbele ya watu kwamba taa nzuri ni za dukani, mtu anunue za LED azifunge, yaishe. Ummi akanijibu kwamba za LED zilizofungwa ofisini zilikufa zote kwa umeme wa kupanda na kushuka, tyubu zimo stoo zinangoja, na kama mimi nina taa yangu niipendayo niilete aipime. Watu wakacheka. Sikupenda.

Kazi lakini aliifanya, siwezi kumnyima. Tyubu, alisema, inamwaga mwanga pande zote, na jengo likiwa refu namna ile mwanga unapotea njiani kabla haujafika kwa mtu anayeuhitaji. Kwa hiyo taabu haiko kwenye tyubu, iko kwenye kofia yake. Akaleta bati la alumini linalong'aa, akalikunja, akapanga tyubu nne chini yake, akaivuta juu kwa kamba na kapi, kisha akatembea sakafuni na kipima mwanga mkononi, akitia alama za chaki kwenye saruji. Kofia ya kwanza ilitupa mstari mmoja mweupe katikati, pembeni kiza. Akaishusha, akaikunja upya. Ya pili ikamulika kuta na kuacha sakafu. Akaishusha tena, anasonya. Ile iliyokubali mwishowe ilikuwa na mikunjo midogo midogo mingi, kama sinia lililokanyagwa na ng'ombe, na juu yake aliacha mianya ili joto litoke, maana tyubu ikipata joto kupita kiasi mwanga wake unafifia. Ukiitazama huuoni uzuri wake. Lakini ilipowaka, sakafu nzima ikawa nyeupe mpaka pembeni, mpaka nyuma ya mtungi.

"Kaka Hafidh!" akaniita kutoka juu ya ngazi. "Kumbe una hata mto huko?"

Watu wakacheka tena, na safari hii Bi Mwatum aliwashinda wote. Dirisha la ofisi yake linatazama ndani ya kiwanda. Zamani alikuwa haoni zaidi ya mizani. Sasa akawa ananiona kutoka kwenye kiti chake, na kila nikikaa kitako nilisikia kikohozi chake.

Nikaenda nyumbani nimefura. Mke wangu Moza alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, "Zile taa za Ummi, Mungu aziangushe zote, moja baada ya moja."

"Astaghfirullah," akasema Moza. "Maneno gani hayo, Hafidh?"

Nilisema kwa hasira, kama mtu anavyosema. Nikala, nikalala, nikasahau. Taa zilikaa juu salama msimu mzima wa makonyo, hata popo wakahama. Kisha ndipo ikaanguka ile ya kwanza.

Mtu wa mwanzo kushukiwa hakuwa mimi, ilikuwa Samwel. Samwel ni fundi kutoka Bukoba, anaishi Chake na mkewe Modester anayesomesha skuli, na ndiye aliyepanda juu kuzifunga taa pamoja na Ummi. Alikuwa rahisi kushukiwa kwa sababu ni mtu wa bara na hana jamaa wa kumsemea pale. Wakasema hakukaza vizuri. Wengine wakasema amekaza vizuri kisha akalegeza, ili aitwe tena apate kazi. Basi taa ya pili ikaanguka Jumapili asubuhi, Samwel yuko kanisani Chake, kanisa zima shahidi wake. Siku ya pili yake akaja kufunga tyubu mpya, akatusalimia kwa adabu sana, mmoja mmoja, kwa jina, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya wote.

Ya tatu ikafuata. Na hapo ndipo watu walipoanza kupiga hesabu. Taa za mlangoni zilikuwa salama. Za juu ya mizani salama. Za juu ya magunia, salama. Zilizoanguka zote zilikuwa juu ya mtungi, na mtungi ni wangu.

Ummi akaja na uso umekunjana. Akachutama kwenye vigae, akaokota kipande cha kishikio, ile plastiki ndogo inayobana kichwa cha tyubu isichomoke, akakigeuza geuza.

"Hichi hakikupasuka chenyewe," akasema. "N'lizijaribu zote karakana. Wallahi n'lizining'iniza na mawe."

Samwel akapanda, akafunga kishikio kipya na tyubu mpya, akashuka. Ummi akaitazama ngazi anayoirudisha Samwel mahali pake.

"Kaka Hafidh, ngazi hii hukaa wapi?"

"Si waiona? Hapa, nyuma ya mtungi."

"Na nani hukaa hapa?"

"Miye."

"Haya," akasema, akafuta mikono.

Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unamrudishia mkatoshana. Yeye akasema "haya", akaondoka, na wale kina mama wanaochambua makonyo wakainamisha vichwa kwenye nyungo zao kama hawakusikia, na wamesikia kila neno.

Nikamfuata ofisini kwa Bi Mwatum. Nikamkuta Ummi amesimama, hakutaka hata kukaa.

"Bi Mwatum, nyumba hii ina mtu mbaya," anasema. "Tyubu ikimpiga mtu kichwani akafa, nani atakayenipa kazi tena Pemba hii? Miye n'najua taa zangu. Mtu anazivunja. N'nataka isomwe Halbadiri."

Bi Mwatum akashika kifua. Mimi nilibaki mlangoni.

Kwa asiyejua, Halbadiri si mchezo. Husomwa majina ya masahaba waliopigana Badri, ikafuatishwa dua juu ya mtu aliyefanya ubaya na hajulikani. Haitaji jina lake, inamtafuta yenyewe. Watu wanaamini inampata mwilini, au nyumbani kwake, au kwa watoto wake. Wako mashehe hawataki kuisoma kabisa, wanasema ni mambo makubwa kwa ugomvi mdogo. Shehe Hamdan alikubali, kwa sharti litangazwe mapema: kisomo ni Ijumaa baada ya alasiri, pale pale kiwandani, na mwenye jambo lake ajitokeze kabla, akijitokeza hakisomwi.

"Hafidh, weye wasemaje?" Bi Mwatum akaniuliza, na jicho lake limenikaa.

Ningesema nini? Nikisema isisomwe, nimejifunga mwenyewe. "Isomwe," nikasema. Ummi akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile, na niliona kabisa kwamba amenishangaa.

Siku zilizofuata kiwanda kilikuwa kichekesho, ungekuwa huna lako moyoni. Mwanawema, jirani yangu, ambaye ni mchambuaji pia, akarudisha ndoo ambayo Bi Mwatum alikuwa ameshaisahau. Spana iliyopotea tangu mwaka jana ikaonekana asubuhi moja juu ya mizani, imesuguliwa inang'aa. Mzee mmoja mpakiaji alikwenda ofisini akafunga mlango, akatoka na macho mekundu, na mpaka leo hatujui alisema nini. Kila mtu alikuwa anajisafisha. Ila la taa hakulileta mtu, na kila siku iliyopita bila mtu kulileta, macho yalizidi kunijia mimi. Nikipita na uma mazungumzo yanakatika. Nikitia chumvi kwenye chakula wananitazama mkono. Nilikuwa na hasira nao, na nilikuwa na hofu, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Hofu yenyewe nitaisema wazi. Mimi sikuzigusa taa zile. Lakini niliziombea zianguke, kwa mdomo wangu, jikoni kwangu, na zinaanguka, moja baada ya moja kama nilivyosema. Kila nilipozitazama tangu siku ya kwanza nilizitazama kwa jicho baya. Je, ikiwa husuda yangu ndiyo inayozishusha? Na Halbadiri ikija kumtafuta aliyefanya, itauliza kama alitumia mkono au moyo? Usiku nikiwaangalia wanangu, Hija na Ruweida, wamelala wamepachikana miguu, nilitamani nikamwamshe Ummi nimwambie ni mimi, nimezivunja, futa kisomo. Ningesema uongo huo bila taabu. Lakini ukishasema umevunja huwezi tena kusema hukuvunja, na baba yao angekuwa mharibifu mpaka kaburini.

Alhamisi nikamngoja Shehe Hamdan nje ya msikiti. Nikamwamkia, nikazunguka zunguka kidogo, kisha nikamuuliza.

"Shehe, mtu akitamani tu jambo baya, hakulifanya, alitamani, na likatokea. Kisomo kitampata?"

Shehe akasimama kuvaa kiatu. Kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

"Mbona wauliza, Hafidh?"

"Nauliza tu."

"Aso jambo haulizi," akasema taratibu. "Mwanangu, mlango wa toba u wazi. Kesho mpaka alasiri n'takuwapo nyumbani. Njoo, tuzungumze."

Nikaona nimejichimbia shimo mwenyewe. Nikamshukuru, nikaenda zangu, na nilijua kwamba nyuma yangu amebaki ananitazama.

Nyumbani Moza alikuwa anakaanga samaki. Alikuwa kimya tangu tangazo lilipotoka, na Moza si mtu wa kukaa kimya. Aliponiwekea chakula akabaki amesimama.

"Hafidh, hukuzigusa?"

"Sikuzigusa."

"Wallahi?"

"Wallahi, Moza. Hata weye?"

"Haya," akasema. Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Lakini ulizisema."

Sikuweza kula. Hata neno lake "haya" lilikuwa sawasawa na lile la Ummi.

Ijumaa nikaoga, nikavaa kanzu, nikasali, na kutoka msikitini nikaenda moja kwa moja kiwandani, kwa sababu niliona nikirudi nyumbani nitakosa nguvu ya kutoka tena. Nikakaa na wenzangu mpaka alasiri ikasaliwa. Jamvi lilikuwa limeshatandikwa mbele ya mtungi, chetezo kinafuka ubani. Shehe Hamdan akaja na wasomaji wake, wakakaa. Bi Mwatum na kina mama wakakaa upande wao. Samwel naye alikuja, amesimama karibu na mlango, kofia yake ameishika mkononi. Mahali pangu walikuwa wameniachia wazi mbele kabisa, mkabala na Shehe. Hakuna aliyeniambia nikae pale, ila hapakuwa na pengine pa kukaa.

Ummi hakuonekana. Bi Mwatum akasema aliwahi kuja tangu asubuhi, na kwamba yuko juu.

"Juu wapi?" akauliza Shehe.

Tukanyanyua vichwa. Ummi alikuwa kwenye ngazi, chini ya paa, karibu na taa ya mlangoni, mtandio ameufunga kiunoni, anafungua kitu na kukitia mfukoni. Akashuka. Mikono ilikuwa myeusi kwa vumbi na uso umepauka. Hakusalimia. Akapiga magoti pembeni ya jamvi, akaanza kutoa vishikio mfukoni na kuvipanga mstari mmoja mbele ya Shehe.

"Hichi cha mlangoni," akasema. "Hichi cha mizani. Hichi cha magunia. Na hivi vya juu ya mtungi. Shehe, nakuomba ukifinye cha mwanzo."

Shehe akamtazama Bi Mwatum, kisha akakichukua, akakifinya. Kilikuwa kigumu kama kilivyotoka dukani.

"Sasa hichi cha mwisho."

Shehe akakifinya, na ukucha wake ukazama. Akautoa, akaona alama imebaki. Akakivunja katikati kwa vidole viwili bila kutumia nguvu.

"N'lipanda asubuhi kupiga picha," Ummi akasema. "N'litaka niwe na ushahidi wa mtu. N'kashika kishikio nisianguke, dole gumba likaingia ndani. Kinuse, Shehe."

Shehe akanusa. "Karafuu," akasema. "Lakini kila kitu hapa chanukia karafuu."

"Ndiyo maana hakuna aliyejua. Siye tumezaliwa humu, hatuisikii tena." Akaonyesha mtungi kwa kidole. "Mtungi ukifunguliwa, mvuke wapanda na mafuta yake. Wakaa juu, chini ya bati, pale pale kwenye taa zangu. Na mafuta hayo yanakula plastiki kidogo kidogo. Kwa mlangoni haufiki. Kwa mtungi wafika kila siku."

Bi Mwatum akapiga paja. "Lakini mafuta siku zote twayatia kwenye pipa la chuma na chupa za kioo! Nani hapa hajui yanakula plastiki? Hata kitoto chajua."

"Najua, Bi Mwatum. N'lijua tangu mdogo. N'lidhani mafuta yako kwenye mapipa. Sikufikiri yako hewani." Akaviokota vipande vya kile kilichovunjika. "Zile balbu za zamani vishikio vyake ni vya kauri. N'livicheka kwa uzito wake, n'kavitupa."

Watu wakaanza kuguna. Ummi akanyanyua mkono, akawakatiza.

"Hakuna aliyevunja taa. Aliyekosea ni miye, kwa mkono wangu na akili yangu. Kama lazima isomwe, nisomeeni miye."

Nimemjua Ummi tangu ana nywele za misuko miwili, na sijapata kumwona mdogo kama vile, wala mkubwa kama vile. Shehe Hamdan akakifunga kitabu. Akasema hakuna kisomo, mtu aliyekosea kazi si adui, na tusome Fatiha tumshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Tukasoma. Kutoka kule mlangoni Samwel akasema kwamba yeye tangu siku ya kwanza macho yanamwasha akipanda juu ya mtungi, ila alidhani ni mwili wake tu haujazoea. Akacheka peke yake, kisha na sisi tukacheka. Bi Mwatum akaagiza kahawa.

Ummi akaja nilipokuwa nimesimama na kikombe.

"Kaka Hafidh, niwie radhi. N'likudhania."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa siku zote zile, makali, ya kumrudishia mbele ya watu kama yeye alivyozoea. Nikamtazama vumbi usoni.

"Nimekuwia radhi," nikasema. "Sasa utafanyaje?"

Akashusha pumzi, na hapo hapo akawa Ummi tena. Ataweka vishikio vya kauri safu yote ya mtungi. Atatoboa paa juu yake na kuweka bomba la kutolea mvuke, lakini anataka kujua mvuke unaelekea wapi nikifunua mfuniko, upande wa ukutani au wa mlangoni, maana kofia zake zisije zikapata ukungu wa mafuta na kupoteza mng'aro. Nikamwonyesha. Tukasimama wawili tumenyanyua shingo, mimi naeleza, yeye anauliza, na wale kina mama wakawa wananiita kaka Hafidh hivi, kaka Hafidh vile, nikawekewa kahawa ya pili na ya tatu.

Nikatoka pale mwepesi. Nilitaka kumwambia Moza. Njiani nikapita dukani nikachukua halua, na kila niliyekutana naye nilimsalimia mimi kwanza, hata wale walionigeuzia uso wiki nzima. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomhadithia, nianze na ukucha wa Shehe, nimwache angoje.

Mlango ulikuwa na kufuli. Nikazunguka uani. Jiko limezimwa, vyombo vimeoshwa vimefunikwa, kamba ya nguo haina kitu. Mwanawema alikuwa ametangulia kufika kutoka kiwandani, akatoa kichwa dirishani kwake.

"Moza hayupo. Mke mwenzangu kaniambia kaondoka mchana, wakati weye umo msikitini. Kachukua gari na watoto na begi kubwa. Kenda Shumba kwa mamake."

"Mamake mgonjwa?"

"Hakusema." Akarudisha kichwa ndani upesi.

Nikatoa simu. Iliita mara moja tu, akapokea.

"Moza," nikasema.

Hakunitolea hata salamu. "Wameshasoma?"

Nyuma yake nilimsikia Ruweida anacheka na bibi yake, na bibi yake mzima wa afya, anaimba.

"Hafidh, wameshasoma au bado?"

"Hawakusoma," nikasema. "Hawasomi tena. Kisomo kimeondoshwa."

Nilisikia pumzi yake ikitoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akasema alhamdulillahi. Kisha akasogea pembeni, nikasikia mlango ukifungwa, na sauti yake ikashuka, ikawa ya upole ambao hakuwa amenionyesha tangu tangazo litoke.

"Umefanya la maana kuwaambia ni weye, mume wangu," akasema. "Miye sitakuuliza tena. Kesho twarudi."

Akakata simu kabla sijasema neno.